Kilo Mbili Hazitoshi

Siku tuliyoruhusiwa kutoka wodini, binti yangu alipimwa uzito mara tatu. Mara ya kwanza mizani ilisoma gramu 1,985. Ya pili 1,990. Ya tatu, akiwa ameshanyonya, ikagota 2,000 kamili, na mama wa kitanda cha pili akapiga kigelegele mpaka nesi akakimbilia kufunga mlango. Tulikuwa tumekaa mle siku 52. Nikapewa kadi ya kliniki, chupa ya matone ya madini ya chuma, tarehe ya kurudi, na maelekezo: mnyonyeshe kila baada ya saa mbili, mweke kifuani muda wote unaoweza, ukiona anapumua kwa shida au anakataa kunyonya mrudishe haraka. Baba yake alikuwa nje, ameshaita bajaji.

Kila nilichoambiwa asubuhi ile kilikuwa cha kweli na nilikifuata. Kilichokosekana nilikuja kukijua baadaye. Hakuna aliyemfungua mtoto khanga mbele yangu akaniambia: mama, mtazame anavyolala, mtazame anavyosogeza miguu, hivi ndivyo utakavyomgeuza, hivi ndivyo utakavyomshika. Kipimo cha kwenda nyumbani kilikuwa uzito. Zikitimia kilo mbili, safari njema. Miaka imepita, na bado nakutana na akina mama wanaotoka wodi za njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wakiwa na kipimo hichohicho peke yake mkononi, wanafurahi kama nilivyofurahi mimi, na roho inaniuma.

Nilijifungua tarehe 4 Machi 2022, mimba ikiwa ya wiki 29. Presha ilikuwa imepanda, miguu imevimba hadi kandambili za mume wangu zikawa ndizo pekee zinazonienea, na usiku mmoja nikaanza kuona vimulimuli mbele ya macho. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Walinidunga sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wakasubiri kadiri walivyoweza, kisha wakanipeleka chumba cha upasuaji. Gramu 1,150. Niliambiwa uzito kabla sijamwona mtoto mwenyewe, na kichwani ikanijia sukari, ile kilo moja na kidogo ninayofungiwa dukani.

Kwetu mtoto wa namna hii anaitwa njiti. Wapo wanaolichukia neno hili, na nawaelewa, maana nimelisikia likisemwa kwa sauti ya kumaliza habari. Nilipomwona kwa mara ya kwanza nilielewa pia aliyelitunga. Paja lake lilikuwa na unene wa kidole gumba changu. Mishipa ilionekana chini ya ngozi kama mistari ya kalamu. Alikuwa na mpira wa oksijeni puani, mpira mwingine wa kupitishia maziwa, taa ya bluu juu yake kwa ajili ya manjano. Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni jinsi alivyolala. Alikuwa chali, mikono imedondoka huku na huku, magoti yametawanyika hadi yamegusa godoro, kama chura. Mtoto wa dada yangu alipozaliwa alikuwa amejikunja ngumi, ukimnyoosha mguu unarudi wenyewe. Wangu ukimgusa mguu unabaki pale ulipouacha. Nikajisemea moyoni, huyu ameshakata tamaa.

Hakuwa amekata tamaa. Alikuwa hajakunjwa. Hilo nililielezwa baadaye sana, na laiti ningeelezwa siku ile ningelala walau usiku mmoja.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa. Miezi mitatu ya mwisho tumboni, nafasi inabana. Mtoto anajikunyata, magoti kifuani, mikono karibu na mdomo, mgongo umepinda. Akipiga teke anakutana na ukuta unaomrudisha, na kila teke ni zoezi. Misuli ya kujikunja inajengwa humo, wiki za mwisho. Anayetoka wiki ya 29 ameyakosa hayo yote. Anatolewa kwenye maji yaliyokuwa yakimbeba, analazwa mahali tambarare, na uzito wa mkono wake mwenyewe unamshinda. Asiposaidiwa anazoea kulala hivyo, mabega yanavutwa nyuma, nyonga zinafunguka, kichwa kinaegemea upande mmoja mpaka kinabonyea. Baadaye anapotakiwa kuleta mikono mbele ashike kitu, mikono haiji.

Si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya kutimiza wiki 37, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Wengi wao wanazaliwa katika nchi kama zetu. Tunaosalia nao ni wengi kuliko zamani, na sababu moja kubwa ni kangaruu.

Kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, ambaye hakuwa na mashine za joto za kutosha akaamua kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao. Miaka mingi ilidhaniwa ni huduma ya maskini, na ya mtoto ambaye hali yake imeshatulia. Kisha ukaja utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walikufa asilimia 12. Waliosubirishwa, karibu asilimia 16. Ni tofauti ya mikono mitupu na kipande cha kitenge. Mume wangu alikaa kangaruu kila jioni akitoka kazini, shati wazi, mtoto ndani, jasho linamtiririka, na mama mmoja mzee aliyekuja kumtazama binti yake wodini akasema hajawahi kuona mwanamume akilea mimba.

Kangaruu, nilikuja kuambiwa, ndiyo fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ya kwanza. Mtoto kifuani amekunjwa, mikono iko mbele, kichwa kinajaribu kuinuka kidogo kila ukipumua. Tulikuwa tunafanya mazoezi siku 52 bila kujua tunafanya nini. Kwa kuwa hatukujua, tulipofika nyumbani tukapunguza. Alikuwa na kilo mbili, tukaona ameshakua.

Nyumbani alikuwa anatusubiri bibi yangu, mzaa mama, ametoka Pangani na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Bibi amewakanda wajukuu wote wa ukoo wetu, na wa majirani, na sijui mmoja aliyeharibika. Mtoto anapakwa mafuta, miguu inavutwa ikanyooka, mikono inapishanishwa kifuani kisha inatanuliwa, na mwisho anashikwa vifundo vya miguu akaning'inizwa kidogo kichwa chini. Watoto waliotimiza siku huwa wanalia kidogo, wananyonya, wanalala fofofo. Siku ya pili bibi alimkanda wangu. Hakulia. Alikunja uso, ngozi ikafanya mabaka, akapata kwikwi iliyokataa kwisha hata tulipombandikia kipande cha uzi kwenye paji la uso, na usiku ule alinyonya vibaya. Kuanzia hapo nikawa namficha mtoto. Nikisikia bibi anapasha mafuta, najifanya nanyonyesha. Mwanamke aliyenilea nikawa namfungia mlango katika nyumba moja, na hakuna kati yetu aliyekuwa na maneno ya kusema ni kwa nini.

Kwenye foleni ya kliniki mwezi Juni, mama niliyekaa naye benchi aliona jinsi mtoto anavyojipinda mgongo ninapomfungua. Akaniuliza, "Chumba cha mazoezi umekwenda?" Nilidhani amekosea. Nilichokijua mimi ni kwamba chumba cha mazoezi ni cha wazee wenye kiharusi na vijana wa bodaboda waliovunjika miguu. Na kweli nilipoingia nilimkuta mzee mmoja katikati ya vyuma viwili anajifunza kupiga hatua, mkewe amemshikia fimbo.

Dada aliyetupokea alikuwa amesomea Moshi. Alinawa mikono, akaisugua ipate joto, akakaa chini kwenye godoro. Kisha hakufanya kitu. Dakika tano, labda saba, anamtazama tu mtoto aliyelazwa mbele yake. Nikaanza kuona nimepoteza nauli. "Namsoma kwanza," akasema bila kugeuka. Halafu akaniuliza, "Na wewe mama, unalala?"

Katika miezi mitatu ile kila mtu alikuwa ameniuliza mtoto ananyonya vipi, choo vipi, uzito vipi. Hilo swali halikuwa limeulizwa. Nililia mbele ya yule mzee wa kiharusi na mkewe, na mkewe akanipa kona ya khanga yake nifute uso.

Aliyonifundisha siku ile nayakumbuka kwa mpangilio wake kwa sababu niliyafanya mara kumi kwa siku. Cha kwanza kilikuwa kusoma. Njiti akichoka haanzi kwa kulia. Anaanza kwa kutandaza vidole vyote vitano, mkono umenyooka mbele kama trafiki anayesimamisha gari. Anapiga chafya. Anapiga miayo. Anapata kwikwi, anakunja uso, anageuza macho pembeni, ngozi inabadilika. Vyote hivyo nilikuwa nimeviona na kuvipa maana zangu: chafya ni mafua, kwikwi ni baridi, macho pembeni ni hanipendi. Kumbe alikuwa anasema, mama nimechoka, ngoja. Ukiona hivyo unaacha unachofanya, unaweka mkono mmoja kichwani na mwingine unamkunjia miguu tumboni, unatulia. Usimpapase. Mkono mzito, wenye joto, usiosogea. Nilimwekea mikono hivyo pale pale, na nikaona vidole vyake vikifunga kimoja kimoja, mpaka ngumi ikafika shavuni, ikatafuta mdomo, ikaupata.

Kisha nepi. Nilikuwa namnyanyua miguu yote miwili juu, kama kuku anayepelekwa sokoni. Alinionyesha kumbingirisha ubavu mmoja, nikavuta nepi, kisha ubavu wa pili, magoti yakiwa yamekunjwa muda wote. Tunabadilisha nepi mara nane kwa siku. Hapo peke yake ni mazoezi nane ambayo nilikuwa nikiyafanya kinyume. Kumnyanyua kitandani: mbingirishe kwanza ubavu, mkono mmoja chini ya bega, ainuke akiwa amejikunja, asivutwe kwa mikono. Kumlaza kifudifudi kifuani kwangu mimi nikiwa nimeegemea, dakika mbili tatu akiwa macho, halafu kwenye mkeka. Kubadilisha upande wa kumlaza kitandani ili mlango, anakotazama sana, leo uwe kulia kwake na kesho kushoto. Uso wangu kuuweka umbali wa shibiri moja, maana ndipo anapoona.

Na kiota. Khanga mbili zilizoviringishwa, zikazungushwa kuanzia matakoni hadi mabegani, mtoto katikati amekunjwa kama yumo tumboni. Hapo alinisisitiza neno ambalo nami nalisisitiza: kiota ni cha mtoto anayeangaliwa. Akilala usingizi nyumbani bila mtu wa kumtazama, alazwe chali, pasipobonyea, bila mto wala nguo yoyote karibu na uso.

Akachukua karatasi akachora mistari miwili. Wa juu ulianza 4 Machi, siku aliyozaliwa. Wa chini ulianza 20 Mei, siku aliyotakiwa kuzaliwa. "Chanjo fuata mstari wa juu, hazisubiri," akasema. "Kukaa, kutambaa, kusimama, fuata mstari wa chini, mpaka atimize miaka miwili." Ile karatasi niliibandika kwenye kabati la vyombo. Mwezi Septemba shemeji alipokuja akasema mtoto ana miezi sita hajakaa, nilimwonyesha kabati. Kwa mstari wa chini alikuwa na miezi mitatu na nusu, na shingo yake ilikuwa inashika vizuri.

Nilipomweleza habari za mafuta ya nazi nilitegemea aniunge mkono, aniandikie hata barua ya kumkataza bibi. Akasema, "Mlete."

Bibi alikuja amevaa buibui lake la safari, amenuna. Dada wa mazoezi akaacha alichokuwa anafanya. "Shikamoo bibi." "Marahaba." "Nasikia umekanda wajukuu wengi. Naomba unionyeshe." Akampa mwanasesere wa kitambaa. Bibi akaonyesha, mwanzo kwa kujilazimisha, kisha kwa raha, maana mikono yake ikianza kazi haijui kununa. Dada akamtazama mpaka mwisho. Akasema mafuta ni mazuri, kiganja chako ni kizuri, unavyompasha joto kabla ni vizuri sana. Kisha akasema: "Bibi, hawa wengine tumbo lilishawakunja, ndiyo maana wewe ukawanyoosha. Huyu alitoka kabla hajakunjwa. Ukimnyoosha sasa hana pa kurudi. Tumkunje kwanza."

Bibi alikaa kimya. Akamgeuza yule mwanasesere, akamkunja magoti, akaileta mikono miwili kifuani. "Kumbe," akasema, "kazi ya tumbo tunaimalizia sisi."

Kuanzia siku ile nikawa na mtaalamu wa fiziotherapia nyumbani, anayelala chumba cha pili. Bibi aliacha kuning'iniza, akaacha kuvuta. Alikaa mkekani, miguu imenyooka mbele, mtoto juu ya mapaja, akawa anaileta mikono yake mdomoni taratibu huku akimwimbia, na vidole vitano vikitandazwa ananiita kwa fahari: "Njoo uone, trafiki huyo, tunapumzika." Nilikuwa nimekaribia kumpoteza bibi kwa kumlinda mtoto, na hakukuwa na haja.

Kuna hekima kwenye mikono ya bibi zetu ambayo hospitali inaipita bila kuiona. Mwaka 1976 mtafiti Mmarekani, Charles Super, aliandika juu ya Wakipsigis wa Kenya: wazazi walichimba kishimo kidogo ardhini, wakamkalisha mtoto humo, wakamzungushia blanketi, kila siku, mpaka akajua kukaa. Watoto wale walikaa mapema kuliko wa Marekani kwa sababu walifundishwa kukaa. Bibi naye alikuja na wazo la kishimo cha mchanga. Dada wa mazoezi akasema subiri shingo ishike, kisha tumia beseni: beseni la plastiki, khanga pembeni, mtoto katikati, dakika chache, mtu karibu. Ila kigari cha magurudumu alichotuma shangazi wa mtoto kutoka Muscat, dada alikikataa kabisa. Kinamning'iniza mtoto, hakimfundishi kutembea, na kinaangusha watoto ngazini. Kanada imepiga marufuku kuviuza tangu mwaka 2004. Tulimwambia shangazi kimepokelewa, ahsante sana, Mungu akubariki.

Mwezi Agosti, mtoto akiwa na miezi mitatu kwa mstari wa chini, dada wa mazoezi aliniomba nimchukue video. Nichague muda mtoto yuko macho, ameshiba, hana nguo ya kumbana, hana kitu cha kuchezea, amelala chali mkekani, na mimi nisiseme naye. Dakika tatu. Daktari wa Austria, Heinz Prechtl, ndiye aliyegundua kwamba katika umri huo mtoto mwenye ubongo salama ana vijimwendo vidogo vidogo visivyokoma, shingoni, mabegani, viwikoni, vifundoni, kila upande, kama mtu anayesikia ngoma kwa mbali. Havina kazi, havishiki kitu, mtu asiyejua hawezi hata kuviona. Visipokuwepo ni dalili nzito ya mtindio wa ubongo. Tuliitazama ile video pamoja kwenye simu yangu yenye ufa. Alinielekeza kwa ncha ya kalamu: hapa, hapa, kifundo kile, hapa tena. Ilikuwa dakika tatu za mtoto asiyefanya lolote, na bado ninayo.

Mtoto wa kitanda cha pili hakuchukuliwa video. Mama yake ndiye aliyenipigia kigelegele. Walitoka wiki moja baada yetu. Mtoto wa kiume, wiki 32, aliyepata manjano makali na degedege siku za mwanzo. Uzito ulikuwa mzuri kuliko wetu. Nilikutana nao sokoni Desemba, akiwa na miezi tisa. Alikuwa amemfunga mgongoni na miguu ya mtoto haikutanuka kumkumbatia kiuno kama inavyotanuka. Ilikuwa imenyooka, imekaza, inapishana kama mkasi. Ngumi zimefungwa, kidole gumba ndani. Kichwa kinatupwa nyuma. Nilijua kabla hajaniambia. Aliniambia wameshamwambia mara mbili kwamba mtoto ni mvivu tu, atachangamka. Ameshamnywesha kombe, ameshamvalisha hirizi, ameshauza cherehani. Nani wa kumlaumu? Alikuwa anatafuta mlango, na ule wenye msaada hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Mwaka 2017 wataalamu wakiongozwa na Iona Novak wa Australia waliandika kwamba mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa kabla mtoto hajafikisha miezi sita ya mstari wa chini, na kwamba kusubiri mpaka mwaka au miwili ni kupoteza wakati ambao ubongo bado unajipanga. Miezi tisa si mwisho wa dunia, na hilo dada wa mazoezi alimwambia mama yule siku ya kwanza tulipokwenda pamoja. Hakumwahidi kwamba mtoto atatembea. Alimfundisha kumkalisha nyonga zikiwa zimekunjwa ili miguu ilegee, kumlisha kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo asipaliwe, kumvalisha kwa kuanza na mkono uliokaza. Tukiwa kwenye daladala kurudi, mama yule akasema kitu kimoja tu, akiangalia nje: "Ningeambiwa akiwa na miezi mitatu."

Sitaki kuiuza fiziotherapia kama dawa ya kila kitu. Haiurudishi ubongo ulioumia. Tafiti zilizokusanywa pamoja juu ya programu hizi za mapema zinaonyesha faida katika akili ya mtoto inayoonekana mpaka umri wa chekechea, huku ya viungo ikiwa ndogo na ikififia mtoto anavyokua. Nimeyasoma hayo na sijavunjika moyo, kwa sababu najua kilichotokea nyumbani kwangu. Nilikuwa mama anayemwogopa mtoto wake. Nilikuwa namgusa kama mtu anavyogusa yai lililopasuka. Baada ya miezi miwili ya chumba cha mazoezi nilikuwa namshika kama mwanangu, naye akawa ananitazama.

Ndiyo maana kumsaidia mzazi hakutengani na tiba ya mtoto. Mtaalamu anamshika mtoto nusu saa kwa mwezi. Saa zilizobaki zote ni zetu. Na sisi tunazitumia tukiwa na kidonda cha upasuaji, hatujalala, tunaulizwa na mawifi kama tulibeba ndoo nzito. Uganda wana mpango unaoitwa Baby Ubuntu, wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji, ambapo wazazi wanakutana kwa vikundi na anayeongoza, pamoja na mtaalamu, ni mzazi mwenzao aliyelea mtoto wa namna hiyo. Nikiusoma namwona mama wa kitanda cha pili. Maneno yake kwa mama mgeni yanafika mahali ambapo ya kwangu hayafiki.

Na kuna suala la siku. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84. Iliisha tarehe 27 Mei, mtoto akiwa na wiki moja kwa mstari wa chini. Nilirudi ofisini bandarini nikiwa nakamua maziwa chooni, na siku za mazoezi nilizikata kwenye likizo ya mwaka mpaka ikaisha. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa: aliyejifungua njiti sasa anaongezewa muda uliokuwa umebaki kutimiza wiki 40, na baba anapewa siku 7 badala ya 3. Waliolipigania jambo hili kwa miaka, akiwemo Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, nawashukuru kwa moyo wote. Kwa hesabu ile ningeongezewa wiki 11. Wiki 11! Ni kliniki zote za mwanzo, bila kumdanganya bosi kwamba naumwa.

Ninachokiomba sasa ni kidogo. Kabla mtoto njiti hajatoka wodini, mtaalamu wa viungo apande ngazi aje kitandani, amfungue khanga, akae na mama nusu saa, na baba, na bibi kama yupo. Amwonyeshe trafiki. Amwonyeshe nepi. Amchoree mistari miwili, na nyuma ya karatasi amwandikie siku ya kurudi akiwa na miezi mitatu kwa mstari wa chini. Karatasi, kalamu na khanga mbili tayari zimo wodini.

Alhamisi jioni, tukipata ruhusa, mimi na mama wa kitanda cha pili tunaingia wodini na mwanasesere wa kitambaa. Yeye ndiye anayezungumza zaidi. Wiki iliyopita nilimpitia nyumbani Makorora, nikamkuta amechelewa kwa sababu mtoto alikuwa hajamaliza uji. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kona alichotengenezewa na fundi seremala wa mtaani, mbao tatu na mkanda wa kitenge kiunoni, magoti yamekunjwa, miguu imetua chini. Kijiko kilikuwa kimepindwa shingo ili kifike mdomoni. Alikijaza nusu, akakiinua, kikatetemeka, uji ukamwagika kifuani. Mama yake akaanza kunyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani. Mtoto akachota tena.